Swali Lisimame Kwanza, Fumbo Lifuate

Maswali mengi ya chemsha bongo yanayotungwa kwa ajili ya shule, vipindi vya redio, sherehe za ofisini na makundi ya simu ni mkusanyiko wa mambo yasiyojuana. La kwanza linauliza mji mkuu, la pili mfungaji wa bao, la tatu mwaka wa vita. Anayejua anajibu, asiyejua ananyamaza, na muda si mrefu wote wamesahau walichosikia. Iko njia ya kuyafanya maswali hayohayo yamfikirishe mtu zaidi, nayo ni kuyaunganisha kwa mada fiche: unatunga maswali ya maarifa ya jumla ambayo kwa nje hayahusiani hata kidogo, lakini majibu yake yakiwekwa pamoja yanaelekea mahali pamoja. Makala haya yanamshauri mtunzi anayetaka kuifuata njia hiyo, na mifano yake inatoka katika tamthilia za televisheni za bunilizi ya kisayansi, zile za safari za kwenda nyota na sayari za mbali. Hoja yangu ni moja. Mada fiche ni nzuri pale tu ambapo mtu asiyeijua tamthilia yenyewe hapati hasara. Kila swali listahili kuulizwa hata kama fumbo lisingekuwapo. Mtunzi akilishika hilo, uchaguzi wa majina, mpangilio wa maswali na ugawaji wa alama vitamnyookea.

Njia hii si ngeni. Katika Kisiwa cha Man, kilicho kati ya Uingereza na Ireland, iko shule iitwayo King William's College ambayo tangu mwaka wa masomo wa 1904–05 hutoa karatasi ya maswali ya maarifa ya jumla kila mwisho wa mwaka. Gazeti la The Guardian limekuwa likiichapisha tangu 1951. Karatasi hiyo ina mafungu 18 ya maswali kumi kumi, jumla yake maswali 180, na kila fungu lina jambo linaloliunganisha ambalo halitajwi. Msomaji akishapata majibu mawili matatu ya fungu, huanza kuhisi yanakoelekea, na hisia hiyo humsaidia kuyakabili yaliyobaki. Hapo ndipo ilipo faida kubwa ya mada fiche: swali lililokushinda peke yake linaweza kufunguka kwa msaada wa wenzake. Ushahidi wa ubora wa fungu ni kwamba ukilitoa swali lolote na kulisoma peke yake, bado ni swali zuri kuhusu historia, jiografia, sanaa au sayansi. Mada haijengi thamani ya swali. Inaongeza juu ya thamani iliyokuwapo.

Sisi wasemaji wa Kiswahili tuna desturi yetu inayotufundisha jambo hilohilo. Katika kutegana vitendawili, mtegaji hutangaza wazi kwamba ametega, na mteguaji huitikia akijua kuna kitu kimefichwa. Akishindwa, hutoa mji, na mtegaji akishaupokea mji huo analazimika kutoa jibu. Zipo haki mbili katika mchezo huo: haki ya kujua kwamba kuna fumbo, na haki ya kupewa ufumbuzi baada ya kushindwa. Pia jibu likitajwa, wasikilizaji wote wanapaswa kuona kwamba dalili zilikuwamo katika maneno tangu mwanzo. Kitendawili ambacho jibu lake haliwezi kutetewa hukataliwa barazani. Mtunzi wa mada fiche abebe haki hizo zote. Awaambie washiriki mapema kwamba majibu yana jambo moja linaloyaunganisha, asiwafiche mpaka mwisho kama anayewavizia. Kisha ufumbuzi utakapotolewa, uwe wa kumfanya hata aliyeshindwa akubali kwamba alikuwa na njia ya kuufikia.

Kwa nini basi bunilizi ya kisayansi, na si jambo jingine? Kwa sababu tamthilia hizi zimeazima majina yake kutoka dunia yetu kuliko tunavyodhani. Chukua Star Trek, iliyobuniwa na Gene Roddenberry na kuonyeshwa mara ya kwanza na kituo cha NBC cha Marekani tarehe 8 Septemba 1966. Ilidumu misimu mitatu, hadi 1969, ikiwa na sehemu 79. Mwendesha chombo wa tamthilia hiyo, Sulu, alipewa jina la bahari iliyo Ufilipino. Afisa wa mawasiliano, Uhura, aliyeigizwa na Nichelle Nichols, jina lake linatokana na neno letu uhuru, na katika sehemu ile ya kwanza kabisa kurushwa hewani Kiswahili kilisikika pale kiumbe mwenye kujigeuza umbo alipomsemesha. Jina la sayari ya mhusika Spock, Vulcan, ni la mungu wa Kirumi wa moto. Tamthilia ya namna hii inampa mtunzi majina ambayo kila moja lina mlango wa pili unaotokea kwenye maarifa halisi. Kazi yake ni kuingia kwa mlango huo wa pili.

Tuliunde fungu lenyewe ili hoja ionekane. Majibu tunayoyataka ni tisa: Kirk, Spock, McCoy, Scott, Sulu, Uhuru, Chekhov, Vulcan na Enterprise, yaani wahusika wakuu saba, sayari moja na chombo wanachosafiria. Swali la kumi litakuwa mada yenyewe. Kwa Uhuru hakuna haja ya kwenda mbali: "Kilele cha juu kabisa cha Kilimanjaro, chenye urefu wa mita 5,895, kilikuwa na jina la Kaisari Wilhelm wakati wa Wajerumani. Leo kinaitwaje?" Msikilizaji wa Moshi, Mombasa au Bujumbura analijibu hili kwa urahisi, na hapo hapo anapata nafasi ya kukumbuka kwamba usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 Luteni Alexander Nyirenda alipandisha mwenge na bendera ya Tanganyika kileleni. Jibu ni jepesi, lakini maarifa yaliyolizunguka ni mazito, na halinong'oni hata kidogo kuhusu nyota au vyombo vya anga.

Kirk anatuleta Zanzibar. Si kwamba Roddenberry alimtoa huku Kirk wake, kapteni wa chombo. Ni majina tu yaliyolingana, na kwa fumbo hilo linatosha. John Kirk alikuwa tabibu na mtaalamu wa mimea kutoka Scotland, akafuatana na Livingstone katika msafara wa Zambezi ulioanza 1858, na baadaye akawa mwakilishi wa Uingereza Zanzibar. Yeye ndiye aliyemshinikiza Sultan Barghash kutia saini mkataba wa tarehe 5 Juni 1873 uliofunga soko la watumwa na kupiga marufuku kuwasafirisha kwa bahari. Mtunzi anaweza kuuliza kwa njia ya mkataba huo, au akapita upande wa wanyama: "Kima punju wa msitu wa Jozani na aina mojawapo ya digidigi wa Afrika Mashariki wanabeba jina la mwanadiplomasia gani wa karne ya 19?" Njia ya pili ni ngumu zaidi, lakini ina faida ya kumkutanisha msikilizaji na mnyama anayemjua na historia ambayo pengine hakuijua.

McCoy ni mfano mzuri wa swali linaloweza kubeba heshima ya watu waliosahauliwa. Elijah McCoy alizaliwa Kanada, kwa wazazi waliotoroka utumwa Kentucky. Alisomea uhandisi Scotland, lakini aliporudi Amerika ubaguzi ulimfungia milango ya kazi hiyo, akaishia kuchochea moto na kupaka mafuta injini za reli huko Michigan. Kutokana na kazi hiyo alibuni kifaa cha kulainisha injini ya mvuke yenyewe ikiwa inatembea, akakipatia hataza mwaka 1872. Swali likiulizwa hivyo, anayejibu anajifunza jinsi mtu aliyenyimwa nafasi alivyoibadili kazi aliyopewa. Tena angalia: vitabu havikubaliani kama alizaliwa 1843 au 1844. Mtunzi mwangalifu haulizi mwaka huo. Anauliza hataza, ambayo haina ubishi.

Yaliyobaki yanajengeka kwa utaratibu huohuo. Chekhov ni daktari na mwandishi wa tamthilia wa Urusi ambaye mwaka 1890 alivuka Siberia hadi kisiwa cha Sakhalin kuchunguza hali ya wafungwa. Sulu ni bahari iliyozungukwa na visiwa vya Ufilipino na Borneo, yenye matumbawe ya Tubbataha. Spock ni daktari wa watoto wa Marekani, Benjamin Spock, aliyeshinda medali ya dhahabu ya kupiga makasia katika Olimpiki ya Paris ya 1924, kisha mwaka 1946 akatoa kitabu cha malezi kilichosomwa na wazazi wengi duniani. Enterprise ni manowari ya Marekani iliyoanza kazi 1961, ya kwanza ya kubeba ndege kuendeshwa kwa nguvu za nyuklia. Kila moja ya hayo linatoka uwanja wake: fasihi, jiografia, tiba na michezo, mambo ya majeshi. Upana huo ni wa lazima. Ukiuliza maswali tisa ya wanasayansi, washiriki watadhani mada yako ni sayansi, na aliyebobea katika somo moja atawaacha wenzake nyuma bila jasho.

Sasa tuje kwenye kosa linaloharibu mafungu mengi, nalo ni swali kuvujisha mada. Kwa jibu la Scott kuna njia mbili za kuvutia. Ya kwanza ni Robert Falcon Scott, aliyefika Ncha ya Kusini tarehe 17 Januari 1912 na kukuta Roald Amundsen amemtangulia tangu tarehe 14 Desemba 1911. Ya pili ni David Scott, kamanda wa Apollo 15, ambaye mwaka 1971 akiwa juu ya Mwezi aliachia nyundo na unyoya kwa pamoja, na vyote vikagusa ardhi wakati mmoja. Swali la nyundo na unyoya linapendeza zaidi, lakini linamweka msikilizaji angani mapema mno. Mtunzi achague Ncha ya Kusini, na nyundo ibaki kwa fungu jingine. Vivyo hivyo kwa Enterprise. Chombo cha kwanza cha anga cha NASA cha kurudi duniani kama ndege kilizinduliwa 1976 kwa jina hilo baada ya wapenzi wa Star Trek kuandika barua kwa wingi kuomba kipewe, ingawa awali kilikusudiwa kuitwa Constitution. Ni kisa cha kusimulia wakati wa ufumbuzi. Kikiwekwa ndani ya swali, fumbo limekwisha.

Vulcan linahitaji mizani ya pekee. Njia moja ni kumuuliza mungu wa Kirumi wa moto na uhunzi, ambaye jina lake ndilo asili ya neno volkano. Swali hilo ni fupi na halivujishi. Njia ya pili ina maarifa mengi zaidi. Mwaka 1846 Mfaransa Urbain Le Verrier alionyesha kwa hesabu tupu mahali ilipokuwa sayari ya Neptuni, nayo ikaonekana hapo. Mwaka 1859 alijaribu tena kwa njia hiyohiyo: mwendo wa Zebaki ulikuwa na kasoro ndogo, akapendekeza kwamba kuna sayari nyingine karibu zaidi na Jua, ikaitwa Vulcan. Watu waliitafuta kwa miongo kadhaa bila kuipata. Mwaka 1915 Albert Einstein alieleza kasoro ile kwa nadharia yake mpya ya mvutano, na sayari ile ikafutika kwa kuwa haikuwahi kuwapo. Swali hili linafundisha jinsi sayansi inavyofanya kazi: hesabu ileile iliyofaulu mara ya kwanza ilishindwa mara ya pili, na kosa halikuwa katika hesabu bali katika sheria iliyotegemewa. Lakini lina neno sayari. Kwa hiyo likitumika, liwekwe mwishoni, baada ya mada kuanza kujulikana.

Hilo linatuleta kwenye mpangilio. Dalili ya mvua ni mawingu, na mawingu hayaji yote kwa mara moja. Anza na majibu yasiyo na harufu ya tamthilia: Uhuru, kisha Chekhov, McCoy na Scott. Haya yanaweza kuwa chochote. Katikati weka Kirk na Sulu, maana majina haya ni adimu na yanaanza kuelekeza. Mwishoni weka Vulcan, Enterprise na Spock. Sababu ya kumweka Spock mwisho ni mbili: jina lake ndilo linalofungamana zaidi na tamthilia hii, na wakati huohuo daktari yule hajulikani sana Afrika Mashariki. Aliyekwisha kuihisi mada atalipata jibu hata kama hajawahi kusikia habari za kitabu cha malezi. Kanuni inayotokana na hapo ni hii: swali gumu kuliko yote likae pale ambapo mada inaweza kulisaidia. Ukiliweka mwanzoni, umelifanya ukuta. Ukiliweka mwishoni, umelifanya zawadi kwa aliyefikiri.

Pia pima kama majina yako yanaelekea mahali pamoja tu. McCoy pekee ana njia mbili, kwa sababu Sylvester McCoy aliigiza mhusika mkuu wa Doctor Who, tamthilia ya BBC iliyoanza tarehe 23 Novemba 1963. Ukimfuatisha na Smith na Baker, majina ya waigizaji wengine wa mhusika huyo, mshiriki mwenye akili ataelekea huko, na atakuwa na haki. Tamthilia hiyo nayo inafaa kwa fungu, kwani waigizaji wa mhusika huyo wamepokezana, na majibu yanaweza kufuata zamu zao. Hartnell ni mshonaji wa gauni la harusi la Elizabeth, aliyekuja kuwa Malkia wa Uingereza, mwaka 1947. Baker ni msafiri aliyefika Ziwa Albert 1864. Davison ni mpigania haki ya wanawake kupiga kura aliyegongwa na farasi wa mfalme 1913. Tennant ni mkemia aliyegundua osmiamu na iridiamu 1803. Mpokezano huo ulimfikia pia Ncuti Gatwa, mzaliwa wa Rwanda, jambo linaloweza kumvutia msikilizaji wa Kigali. Lakini tahadhari: Smith na Baker ni majina ya Waingereza wengi mno, hivyo hayashiki fumbo yakiwa peke yake. Yanahitaji Hartnell na Tennant wayashikilie.

Kuna watakaouliza juu ya majina yasiyolingana sawasawa. Mhusika ni Uhura, jibu letu ni Uhuru. Mhusika huandikwa Chekov, mwandishi ni Chekhov. Je, si udanganyifu? Jibu langu ni kwamba tofauti ndogo inakubalika ikiwa ina sababu inayoweza kutajwa hadharani. Uhura limetokana na uhuru, kwa hiyo jibu linaelekeza kwenye asili ya jina. Chekov na Chekhov ni jina moja la Kirusi lililoandikwa kwa namna mbili. Lakini tofauti kama hizo zisizidi mbili katika fungu la majibu tisa, na wala zisiwe majibu ya kwanza kufunua mada. Ukianza kukubali majina yanayofanana kwa mbali, utajikuta unavuta kila kitu kwa nguvu, na siku ya ufumbuzi hutaweza kujitetea barazani.

Zipo njia nyingine za kuficha, na moja inafaa sana kwa Kiswahili: herufi za mwanzo. Uliza mji ambao TANU iliuchagua 1973 uwe makao makuu ya nchi. Mji uliobeba azimio la ujamaa la 1967. Mji mkongwe wa Kenya uliowekwa katika Urithi wa Dunia 2001. Mji wa Uganda ambao uwanja wake wa ndege ulivamiwa 1976 kuwaokoa mateka. Na mji wa pwani ya kusini mwa Tanzania uliotembelewa na Ibn Battuta 1331. Majibu ni Dodoma, Arusha, Lamu, Entebbe na Kilwa. Mshiriki ataridhika kwamba mada ni miji ya Afrika Mashariki. Akitazama tena herufi za mwanzo ataona Dalek, wale maadui wa chuma waliobuniwa na Terry Nation kwa ajili ya Doctor Who mwaka 1963. Uzuri wa njia hii ni kwamba asiyeijua tamthilia amekwisha kupata mada iliyokamilika, miji mitano ya nyumbani, na aliye na jicho la ziada anapata ya pili. Udhaifu wake ni kwamba herufi moja haisaidii sana kulipata jibu gumu, kwa hiyo maswali yenyewe yawe ya kujibika.

Pingamizi kubwa linastahili kujibiwa kwa uzito: kwa nini kumletea msikilizaji wa Tanga au Goma mada ya tamthilia ya Marekani ya miaka ya sitini ambayo huenda hajaiona? Pingamizi hili lingekuwa na nguvu kama maswali yangemhitaji aijue. Lakini Kilimanjaro, mkataba wa 1873 na kima punju ni vyake. Bahari ya Sulu na Ncha ya Kusini ni za ulimwengu. Kitu pekee kinachomhitaji aijue tamthilia ni swali la kumi, na hapo ndipo ugawaji wa alama unapolinda haki. Toa alama mbili kwa kila jibu, na kwa mada toa alama tatu kwa atakayeitaja kabla ya swali la saba, moja kwa atakayeitaja baadaye. Kwa hesabu hiyo, mpenzi wa Star Trek asiyejua kingine hatamshinda mtu aliyejibu maswali mawili kwa ujuzi wake. Na kama hadhira yako ni watu wa tamthilia za huku, chukua majina ya wahusika wao na uyafanyie kazi hiihii. Njia ndiyo ninayoitetea, si tamthilia fulani.

Pingamizi la pili ni simu. Watasema chemsha bongo imekufa kwa kuwa kila jibu liko mkononi. Turudi Kisiwa cha Man. Wanafunzi wa shule ile walikuwa wakifanya karatasi mara mbili: kwanza darasani bila msaada wowote kabla ya likizo ya Krismasi, kisha wakaenda nayo nyumbani kuitafutia majibu na kuifanya tena waliporudi. Wito wa karatasi hiyo, ulioandikwa kwa Kilatini, unasema kwamba sehemu kubwa ya elimu ni kujua pa kulipata jambo. Fanya hivyo nawe. Raundi ya kwanza iwe ya kichwa, simu zikiwa mezani. Raundi ya pili ruhusu utafutaji, lakini kwa kila jibu mshiriki aeleze kwa sentensi moja alivyolithibitisha. Mwenye kutafuta atasoma kuhusu Elijah McCoy ili apate jina, na akimaliza atakuwa na zaidi ya jina.

Kuthibitisha ni wajibu wa mtunzi kabla ya kuwa wa mshiriki. Kila jibu lipate vyanzo viwili visivyonakiliana. Swali liwe na jibu moja tu linalotetewa. Usiulize nani alikuwa wa kwanza kufika kilele cha Kilimanjaro ukitaka jina moja, kwani Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika pamoja mwaka 1889. Jambo linaloweza kubadilika, kama idadi ya watu au mshikilia cheo, liandikwe na mwaka wake. Kisha msomee mtu asiyejua mada, ukaone anakwama wapi. Akiuliza "unamaanisha nini?" swali ni bovu, hata kama jibu lake linaingia vizuri kwenye fumbo. Na hapa ndipo mtunzi hujaribiwa zaidi: analo jina analolitaka sana, ila swali la kulifikia ni la kulazimisha. Aliache. Fungu la majibu manane yaliyo safi ni bora kuliko la majibu tisa lenye doa.

Wako pia wanaoona bunilizi ya kisayansi kuwa mchezo wa watoto usiostahili mahali pa elimu. Historia inawajibu. Mae Jemison, mwanamke wa kwanza Mwafrika-Mmarekani kwenda anga za juu, Septemba 1992, amesema mara nyingi kwamba Uhura alimtia moyo alipokuwa mtoto, na 1993 naye alionekana katika tamthilia iliyofuata ya jina la Star Trek. Hadithi ya kubuni ilichukua neno la Kiswahili, ikampa mwanamke mweusi kiti katika chumba cha uongozi wa chombo, na mtoto aliyemtazama akafika angani kweli. Mtunzi anayelieleza hilo wakati wa ufumbuzi anawapa washiriki sababu ya kujali majina waliyotoka kuyataja.

Kwa hiyo usimalize kwa kutangaza mshindi peke yake. Tenga muda wa kuyapitia majibu yote tisa, sema kila jina limetoka wapi katika dunia halisi na limeingiaje katika tamthilia, na mruhusu mwenye pingamizi aseme. Akili ni nywele, na mara nyingine mshiriki ataona uhusiano ambao wewe mtunzi hukuuona. Uhusiano huo ukiweza kutetewa, mpe alama zake. Usichelee kuonekana umezidiwa, kwani haki ya mchezo ni kubwa kuliko heshima ya mtunzi.

Ushauri wangu wa mwisho kwako wewe unayejiandaa kutunga ni huu: andika maswali kwanza kama vile hakuna fumbo, uyaboreshe mpaka kila moja liwe na jambo la kumfundisha mwanafunzi wa sekondari na mzee wa barazani. Baada ya hapo ndipo uangalie kama yanaungana. Ukiona mada inakulazimisha kuuliza upuuzi, badili mada. Fumbo zuri halimdhalilishi asiyelijua. Linampa sababu ya kutaka kujua zaidi, na huo ndio wajibu wa kila anayesimama mbele ya watu kuwauliza maswali.